Kabla Hujaitwa Mwenye Nyumba: Mazingatio ya Kununua Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha

(Mada iliyowasilishwa na mwalimu wa madrasa mbele ya wanachama wa kikundi cha kuweka akiba, Dar es Salaam. Imepunguzwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.)

  



Nimeombwa nizungumze juu ya ununuzi wa nyumba ya kupangisha, kwa sababu ni mwaka mmoja na nusu sasa tangu mimi na wenzangu wawili tununue nyumba ya aina hiyo katika wilaya ya Temeke, na kwa sababu wengi mliopo hapa mmekwisha anza kuzihesabu akiba zenu huku mkitazama upande huo huo. Kazi yangu ni kusomesha watoto Qur'an, lugha ya Kiarabu na fiqhi. Mlango wa ijara niliusoma chuoni kwa mwalimu, kitabu kikiwa mkononi. Tulipoanza kuzunguka na madalali ndipo nilipoona kwamba mengi wanayoyaita "mambo madogo madogo tutayamaliza baadaye" ndiyo yale yale ambayo mafakihi waliyaandikia kurasa kwa kurasa.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Ijara, kwa ufupi, ni kuuza manfaa yanayojulikana, kwa muda unaojulikana, kwa ujira unaojulikana. Nyumba inabaki kuwa yako. Unachokiuza kila mwezi ni kule kukaa ndani yake: kivuli, mlango unaofungika, choo kinachofanya kazi, paa lisilovuja. Manfaa hayo yakikosekana, huna ulichokiuza, na kwa hiyo huna unachostahiki kudai. Hapa ndipo ilipo tofauti baina ya mwenye nyumba na mla riba, ingawa wote wawili wanapokea fedha kila mwezi. Mla riba hana anachokibeba. Mali yake inarudi na nyongeza juu, hata kama mkopaji amefilisika. Mwenye nyumba anabeba nyumba. Ikiungua imeungua kwake, ikikaa tupu imekaa tupu kwake. Mafakihi wanasema mapato hufuata dhamana. Mtu anayetaka pango la kila mwezi lakini hataki kuubeba mzigo wa nyumba, huyo anataka riba iliyoezekwa mabati.

Basi suala zima la kununua nyumba ya kwanza, kwa mtazamo wangu, ni kuujua mzigo utakaoubeba kabla hujalipa. Pango kila dalali atakutajia. Mzigo hakuna atakayekutajia.

Nieleze kwanza tulikuwa akina nani, kwa sababu hilo ndilo lililotufanya tuwe wagumu. Mshirika wa kwanza ni mzee mfanyabiashara wa nafaka, aliyetoa nusu ya fedha. Wa pili ni mimi, nilitoa theluthi, akiba ya miaka kumi na mmoja pamoja na thamani ya shamba nililouza kwetu. Wa tatu ni dada yetu mmoja mjane, aliyeleta sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Fedha hizo zilikuwa ni mirathi ya marehemu mumewe. Wazazi wa marehemu walikwisha tangulia mbele ya haki, kwa hiyo thumni ni ya mjane na zilizobaki zote ni za watoto wanne ambao mkubwa wao alikuwa na miaka tisa. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi tuliyoitoa mfukoni palikuwa na sehemu ya yatima. Dalali anaposema "jitoseni tu, ardhi haiozi", mtu mwenye mali yake anaweza kujitosa. Mwenye kuchukua mali ya yatima hana ruhusa hiyo.

Nyumba ya kwanza tuliyooneshwa ilikuwa nzuri mno kwa bei yake. Vyumba sita, ukumbi katikati, uani kuna vyumba viwili, jiko na choo. Nyumba ya Kiswahili iliyokamilika, karibu na kituo cha daladala. Bei yake ilikuwa Sh. milioni 55, wakati nyumba za jirani zilikuwa zikiuzwa kwa milioni 70 na zaidi. Muuzaji ni kijana mwenye adabu, akaleta barua zote. Tukamuuliza: nyumba ni ya nani? Akasema ni ya baba. Baba yuko wapi? Amefariki miaka sita iliyopita. Mmezaliwa wangapi? Watano. Mirathi imegawiwa? Hapo akajibu kwamba ndugu zake wote wanakubali, na kwamba dada yao mkubwa yuko Maskati, ameolewa huko, "hana shida na nyumba ya uswahilini".

Ndugu zangu, hii ndiyo kadhia iliyojaa katika mji huu. Mtu akifariki, baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia, mali imekwisha kuwa ya warithi papo hapo, kila mmoja na fungu lake, hata kama hawajakaa kitako kugawana, na hata kama mmoja wao yuko ng'ambo. Kijana yule alikuwa anauza fungu lake pamoja na mafungu ya wenzake wanne. Mafakihi wanaiita biashara ya fudhuli, yaani ya mtu anayeuza kisichokuwa chake bila ya idhini. Katika kauli mpya ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu hapa pwani, biashara hiyo ni batili tangu mwanzo. Hanafi na Maliki wanasema inasimama ikingojea idhini ya mwenye mali: akikubali inapita, akikataa inaanguka. Chagua kauli uitakayo. Bila ya yule dada wa Maskati huna nyumba.

Na sheria ya nchi katika hili haiko mbali. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, aghlabu Mahakama ya Mwanzo kwa watu wa hali zetu, naye anauza kwa niaba ya warithi, si kwa niaba ya tumbo lake. Tulimwomba kijana alete barua ya usimamizi na maandishi ya ndugu zake wote, likiwemo la dada lililothibitishwa huko aliko. Dalali akatuambia kwa hali hiyo hatutanunua nyumba mpaka Kiyama. Ile nyumba ilichukuliwa na mtu mwingine baada ya wiki tatu. Wala si sharti balaa limkute aliyenunua ndipo hukumu iwe sahihi. Haki ya dada haipotei kwa sababu yeye amenyamaza.

Jambo lingine linalofanana na hili ni mke wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Najua wapo watakaosema kwamba katika fiqhi mali ya mume ni ya mume na ya mke ni ya mke. Ni kweli. Lakini ni nyumba ngapi za mji huu zimejengwa kwa mshahara wa mume peke yake? Mke amepika maandazi, amecheza upatu, matofali mia tatu ni yake na bati za upande wa uani ni zake, na hayakuandikwa popote. Kwa hiyo kumwita mke akasaini, mbali ya kuwa ni sharti la sheria, ndiyo njia ya kujua kama kuna mali ya mtu mwingine ndani ya ukuta ule.

Sasa niseme juu ya karatasi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Anachokuwa nacho mwananchi ni haki ya kuitumia kwa muda. Hati miliki za mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Wengi wanaangalia jina lililomo katika hati na kusahau kuangalia tarehe. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1996 inafikia ukomo mwaka 2029. Huyo anayekuuzia leo anakuuzia miaka michache pamoja na kazi ya kwenda kuomba muda mpya. Katika maeneo yasiyopimwa kuna leseni za makazi, ambazo zina muda mfupi zaidi, na kuna nyumba nyingi zisizo na chochote isipokuwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri ule ni ushahidi kwamba watu fulani walikaa wakauziana mbele ya mwenyekiti. Haumfanyi asiye mmiliki kuwa mmiliki.

Penye hati, hakikisheni mnafanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya nyumba, nao utakuonesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Hapa wala msitumie uzito wa nyuso. Mtu anaweza kuwa swafu ya kwanza msikitini na nyumba yake iko rehani. Kufanya upekuzi si kumdhania vibaya. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kufundisha kuandikiana na kushuhudisha, na walioambiwa hivyo mwanzo ni masahaba.

Baada ya karatasi, tokeni mkatazame ardhi yenyewe. Hati hailizuii greda. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara hadi Kiluvya, kando ya Barabara ya Morogoro, zilibomolewa kwa hoja kwamba ziko ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Palikuwa na maghorofa, palikuwa na nyumba za kupangisha, palikuwa na watu waliostaafu wakaweka kiinua mgongo chao pale. Kabla ya hapo, Desemba 2015, bomoabomoa ilikuwa bonde la Msimbazi, na kila mkazi wa mji huu anaikumbuka alama ya X nyekundu. Na mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yamekwisha onesha kwamba bonde lile maji yanalijua kuliko watu. Nyumba ya bondeni ni rahisi kununua, na wapangaji wake hawakosekani wakati wa kiangazi. Sisi tulikwenda kuitazama nyumba yetu mara tatu, na mara moja kati ya hizo tulikwenda makusudi wakati mvua kubwa inanyesha, tukasimama uani na miavuli kutazama maji yanaelekea wapi. Wapangaji walituona kama wendawazimu. Lakini ndipo tulipojua kwamba kona ya chumba cha nne inavuja, na lile halikuwa limetajwa na mtu.

Nyumba tuliyoinunua ilikuwa na watu ndani, na hili nataka nilikalie kidogo, maana ndilo ambalo wanunuzi wa mara ya kwanza hawalifikirii kabisa. Mnajua desturi ya mji huu: mpangaji anatoa pango la miezi sita kwa mkupuo, pengine la mwaka. (Lugha yetu imelitwika neno kodi mizigo miwili, anachotoa mpangaji na anachotoza serikali. Mimi leo nitaita la kwanza pango, ili tusichanganye.) Katika vyumba vinane, vyumba vitano walikuwa wamelipa mbele na bado walikuwa na miezi minne. Fedha zile alikwisha zichukua mwenye nyumba wa zamani. Je, mnunuzi mpya anaweza kuwaambia walipe upya, au watoke?

La hasha. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba nyumba iliyopangishwa inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, lakini akdi ya ijara haivunjiki kwa kuuzwa huko. Mnunuzi anaipata nyumba bila ya manfaa yake mpaka muda wa mpangaji umalizike. Kama hakuwa anajua, ana hiari ya kuirudisha. Kama alijua akakubali, hana la kusema. Kwa hiyo mpangaji mwenye risiti ya miezi minne ana mali yake ndani ya nyumba yako, sawa na mtu aliyeacha gunia lake la mchele. Kumtoa kabla ya muda ni kumpora.

Tuliwaita wapangaji wote mbele ya muuzaji, kila mmoja na risiti yake au ushahidi wake, tukaandika chumba kwa chumba: nani, amelipa kiasi gani, mpaka lini. Vyumba vitano, Sh. 60,000 kwa mwezi, miezi minne, ni Sh. 1,200,000. Bei tuliyokuwa tumekubaliana ni Sh. milioni 73 na laki mbili. Tukamwambia muuzaji: umekwisha uza miezi minne ya vyumba vitano, na sisi hatuwezi kununua kilichokwisha uzwa, tupunguzie. Akapunguza, tukamaliza kwa milioni 72. Kama tusingekaa na wale wapangaji, ile milioni na laki mbili ingetoka mahali pamoja kati ya pawili: ama mfukoni mwetu, pamoja na mfuko wa mayatima, ama kwenye koo za wapangaji.

Tuje katika hesabu. Dalali alitupigia hivi: vyumba vinane mara 60,000 ni Sh. 480,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni Sh. 5,760,000. Katika milioni 72 hiyo ni faida ya shilingi 8 kwa kila 100. Miaka kumi na mbili na nusu fedha yako imerudi na nyumba unayo. Hesabu hii haina kosa la kuzidisha. Kosa lake ni kwamba imeacha mzigo nje.

Mpangaji akihama chumba hakijazi siku hiyo hiyo. Kuna kupaka rangi, kuna kutafuta mtu, kuna mwezi mbaya. Wekeni kila chumba kitakaa tupu mwezi mmoja katika mwaka: imetoka 480,000, zimebaki Sh. 5,280,000. Serikali ina asilimia 10 yake katika mapato ya pango: imetoka 528,000. Matengenezo sisi tuliyawekea Sh. 900,000 kwa mwaka, na msione ni nyingi. Gari la kunyonya majitaka peke yake linakuja zaidi ya mara moja, kuna bati, kuna kitasa, kuna bomba, kuna waya wa umeme ulioungwa na fundi wa mtaani tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza. Kodi ya jengo na pango la ardhi tukazikadiria pamoja kuwa Sh. 40,000. Kinachobaki ni Sh. 3,812,000. Kisha ile milioni 72 si bei kamili. Wakili, ushuru wa stempu, uthamini na uhamisho wa hati vilitufikisha karibu na milioni 75. Gawanyeni: ni shilingi 5 na senti chache kwa kila 100. Ni miaka takribani 20, si kumi na mbili na nusu.

Tuliponunua tulikuwa na hesabu ya shilingi 5, si ya shilingi 8, na ndiyo maana mwaka wa kwanza haukutuumiza. Mwenye kununua kwa hesabu ya shilingi 8 atajikuta anaipora ile tofauti kwa mpangaji: hatatengeneza choo, atapandisha pango katikati ya muda, atadai "faini ya kuchelewa". Na hili la faini tahadharini nalo. Pango likishafika wakati wake bila ya kulipwa limekuwa deni. Kuongeza fedha juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe tunayoikimbia benki. Una haki ya kudai, ya kutoendelea na mkataba, na ya kushitaki. Nyongeza huna.

Kuhusu matengenezo, kanuni ni nyepesi. Kila ambacho bila yake manfaa hayapatikani, kama paa, ukuta, mlango, choo, ni juu ya mwenye nyumba. Mpangaji mkono wake ni mkono wa amana. Halipi kilichoharibika kwa matumizi ya kawaida, analipa alichoharibu kwa kuvuka mpaka au kwa uzembe. Andikeni hivyo katika mkataba, kwa Kiswahili kinachosomeka, na kila upande uwe na nakala. Wengine wanadhani mkataba wa maandishi unampa mpangaji nguvu. Ndiyo, unampa. Na wewe unakupa. Sheria ya zamani ya kudhibiti pango, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mambo mengi baina ya mwenye nyumba na mpangaji yanasimamia yale mliyoandikiana.

Kuna dhulma moja ndogo inayopita kimya kimya, nayo ni kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa katika LUKU. Ilianza kwa Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Anayenunua umeme ni mpangaji. Kodi ni ya mwenye jengo. Kwa hiyo kila mwezi mpangaji anamlipia mwenye nyumba deni lake, na aghlabu wote wawili wananyamaza. Sh. 18,000 kwa mwaka si kitu kwa mwenye vyumba vinane, lakini ni mali ya mtu. Sisi tunazirejesha wakati wa kupokea pango, kwa kuzitoa katika kiasi kinachodaiwa. Wapangaji walicheka mara ya kwanza; mara ya pili walikuja na hesabu yao.

Kwa wasio na fedha taslimu, nitasema kidogo. Mkopo wa riba hauwi halali kwa kuwa kilichonunuliwa ni nyumba. Benki zinazofuata sharia zipo, ya kwanza kamili hapa Tanzania ni Amana Bank iliyofunguliwa mwaka 2011, na benki nyingine zimefungua madirisha ya aina hiyo. Lakini msitosheke na jina. Katika murabaha benki iimiliki nyumba kwanza, ibebe dhamana yake, ndipo ikuuzie kwa faida inayojulikana. Ombeni muoneshwe hatua hiyo katika karatasi.

Zaka nayo huulizwa sana. Majma'u ya Fiqhi ya Kimataifa ilipitisha mwaka 1985, mjini Jidda, kwamba nyumba ya kupangisha yenyewe haina zaka. Zaka iko katika mapato yake, robo ya ushuri, yakifikia nisabu na kupitiwa na mwaka tangu yalipopokewa. Aliyenunua nyumba kwa nia ya kuiuza, huyo ana hukumu ya bidhaa za biashara, atatoa kwa thamani ya soko.

Na mkinunua kwa ushirika, kama sisi, andikeni mafungu. Sisi tumeandika mbele ya wakili nusu, theluthi na sudusi, na ndani ya sudusi tumeandika kwamba thumni ni ya mama na zilizobaki ni za watoto kwa majina yao, mama yao ni msimamizi tu. Tumeandika kwamba mmoja akitaka kuuza fungu lake wenzake wana haki ya shufa kabla ya mtu wa nje. Tumeandika kwamba mmoja akifa warithi wake wanaingia mahali pake na nyumba haiuzwi matangani.

Nimeletewa kikaratasi kutoka upande wa akina mama kinachouliza kama inafaa kumwachia pango mpangaji asiyejiweza. Swali hili limetukuta, basi nilijibu kwa lililotukuta. Katika chumba cha uani tumemkuta bibi mmoja anayeuza kahawa na kashata, amekaa pale miaka 19. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa akipokea kwake Sh. 35,000 wakati wengine wanalipa 60,000. Mkataba wake ulikuwa wa mwezi hadi mwezi, kwa hiyo kisheria tungeweza kumpandishia kwa taarifa. Mzee wa nafaka akasema aachwe. Mimi nikakubali. Dada yetu mjane naye akakubali, kisha akaniuliza: na watoto je?

Lilikuwa swali la kifakihi kuliko yote tuliyoulizana katika biashara ile. Msimamizi wa mali ya yatima hana ruhusa ya kutoa sadaka kutoka humo, hata kwa bibi, hata kwa shilingi mia. Tofauti ni Sh. 25,000 kwa mwezi. Sudusi yake ni kama Sh. 4,170. Mama akaachia thumni yake, ikabaki karibu Sh. 3,650 ambayo ni haki ya watoto wanne. Basi kila mwezi mimi na mzee tunaikamilisha kuwa Sh. 3,700, tunaiweka katika daftari la watoto, na bibi anaendelea kulipa 35,000 zake. Kwa hiyo jibu kwa dada aliyeuliza: inafaa, katika fungu lako.